GIST haihesabiki sampuli ikifika imeoza

Ndugu Mhariri,

Takwimu za saratani adimu hunukuliwa kana kwamba zimetoka kwenye sensa. Chukua GIST, uvimbe unaoota kwenye ukuta wa njia ya chakula. Takriban asilimia 60 huwa kwenye mfuko wa chakula na 30 kwenye utumbo mwembamba. Marekani kiwango chake kilipanda kutoka wagonjwa 0.55 kwa kila watu 100,000 mwaka 2001 hadi 0.78 mwaka 2011. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni la makaratasi. Msimbo wake wa usajili, yaani namba ambayo sajili za saratani huutambulia, 8936, ulianza kutumika huko mwaka 2001. Kabla ya hapo uvimbe huohuo mara nyingi uliandikwa kuwa saratani ya misuli laini.

Huku Tabora na Kigoma shida huanza kabla ya msimbo. Uvimbe ukitolewa, ukaandikwa "uvimbe wa tumbo" na usipelekwe maabara, hauingii kwenye hesabu yoyote. Ukifika umeoza, ni yaleyale. Kwa darubini peke yake GIST hufanana na vimbe nyingine za misuli au za neva. Huthibitishwa kwa rangi maalumu zinazoonyesha protini za CD117 na DOG1 kwenye seli zake, na rangi hizo hudanganya pale nyama ilipohifadhiwa vibaya.

Fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya sampuli, huingia ndani yake kwa takriban milimita 1 kwa saa. Uvimbe wa sentimita 12 uliotumbukizwa mzima hukakamaa nje huku katikati ukioza, hasa kwa joto la Oktoba. Upime kwanza, uangalie kama ngozi yake imepasuka, kisha uchanje kila baada ya sentimita 1 bila kutenganisha vipande, na uweke shashi katikati. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, ndani ya chombo chenye mdomo mpana, kwa sababu nyama ikishakakamaa haitoki kwenye chupa. Spiriti na maji ya dripu havifai. Lita moja ya fomalini ya kuhifadhia hutengenezwa kwa mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji, na chumvi za fosfeti za kuzuia tindikali. Andika saa nyama ilipoingia. Ikipita saa 72, rangi huanza kufifia, na safari ya basi nayo huhesabiwa humo.

Fomu nayo iseme uvimbe ulitoka wapi hasa. Uvimbe wa sentimita 5 hadi 10 wenye seli chache zinazogawanyika ukiwa kwenye mfuko wa chakula hurudi au kuenea kwa wagonjwa wasiozidi 4 kati ya 100. Ukiwa kwenye utumbo mwembamba ni takriban 24. Ukipasuka kabla ya upasuaji au mikononi mwa mpasuaji, mgonjwa anahesabiwa wa hatari kubwa moja kwa moja. Kwa hiyo usiukamue. Tezi za limfu huguswa mara chache. GIST hukimbilia ini na utando wa tumbo.

Kabla ya imatinibu, dawa inayotibu GIST, wenye GIST iliyoenea waliishi kwa wastani mwaka mmoja na nusu hivi. Sasa ni takriban miaka mitano, kwa miligramu 400 kila siku. Kwa wa hatari kubwa waliofanyiwa upasuaji, utafiti uliotoka mwaka 2012 ulionyesha asilimia 92 walikuwa hai baada ya miaka mitano walipotumia dawa miaka mitatu, dhidi ya 82 waliotumia mwaka mmoja. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2015. Ila hizo ni namba za watu ambao majibu ya maabara yalipatikana.

Hata baada ya majibu, hesabu za uhai huharibika kliniki. Mgonjwa anayeacha kuja akiwa hoi huhesabiwa hai hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho, kisha hukatwa kwenye hesabu, na kifo chake hakiandikwi popote, hivyo takwimu hupendeza kuliko hali halisi. Siku ya kwanza ziandikwe namba za simu za ndugu wawili wasioishi nyumba moja, pamoja na jina la kitongoji na la mwenyekiti wake.

Wahudumu wa maabara na upasuaji,
Tabora