Kwa Ndugu Deo: natafuta kifuniko kimoja cha silinda

Lubumbashi, Katuba

Ndugu Deo,

Yambo sana, na yambo kwa mama watoto. Hapa tuko wazima, ila vumbi limeleta mafua nyumba nzima. Najua utasema, "Huyu akiandika, ana shida." Basi ninayo.

Unakumbuka lile lori, ile MAN ya jeshi la Ujerumani, Kalala aliyoibatiza Muzee Kapitene? Jina ni MAN lakini mota yake ni Deutz, V8 ya kupozwa na upepo, F8L413F. Haina radiatore, haina tone la maji. Patro, mwenye gari, aliipendea hiyo: njia ya Mitwaba, maji ya kujaza radiatore utayatoa wapi? Sasa inachemka. Mpando kidogo tu, mshale uko kwenye nyekundu.

Nikaifungua. Deo, yale mapezi ya silinda ambamo upepo unapita hayakuonekana! Mafuta yanavuja, vumbi jekundu linanata juu yake, moto unayachoma. Nilikwangua kwa bisibisi, yakatoka mabonge magumu kama tofali. Hiyo bado si kitu. Garaji moja, sitaji jina, iling'oa mabati ya kuongoza upepo eti mota ipumue. Ipumue nini! Feni inasukuma, upepo unakimbilia pembeni, silinda zinaungua. Kifuniko cha silinda moja kimepasuka katikati ya valvu mbili, ufa mwembamba ambao huwezi kuuona mpaka usafishe vizuri.

Uzuri wa Deutz, kila silinda ina kifuniko chake. Natoa kimoja, saba vinabaki palepale. Lakini patro wamemjaza maneno, anataka tuitupe mota nzima, tufunge ya Kichina na radiatore yake. Mota imekaa nyuma ya kabini, hiyo radiatore ataitundika wapi? Nimemwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mvua ikianza, mahindi ya Mitwaba hayatatoka.

(Shofere naye alifunga redio kwenye batri moja. Gari ni ya volti 24, batri mbili zinafanya kazi pamoja, moja ikinyonywa peke yake inakufa. Imekufa, na yeye anasema amerogwa.)

Sasa wewe uko Kolwezi, na Deutz za 413 zilifungwa sana kwenye mashine za chini ya mine. Pita kwa wauza vyuma, unitafutie kifuniko hicho. Soma bamba la mota kwanza: ukiona FW mwishoni mwa namba, acha. Hiyo ni ya chini ya udongo, imetengenezwa ili moshi wake upungue. Kifuniko chake kina chumba kidogo ambamo moto unaanzia, na hata pistoni yake ni nyingine. Nataka F bila W. Muuzaji atakuapia kwa mama yake kwamba ni sawasawa. Usimsikie. Na ukipata, kikague katikati ya valvu kabla ya kutoa franga.

Yule muzee wa depo bado anauza kwa kilo, ao siku hizi anauza kwa kipande? Unaweza kunitangulizia pesa, nikurudishie patro akilipa? Binti wa Papa Ilunga aliolewa kweli, ao ni maneno ya watu tu? Na wewe unashuka huku lini? Ukipanda basi, kifuniko kimoja kitaingia ndani ya mufuko, wala hawatakulipisha mzigo.

Wako,
Mukalay