Nizhny Novgorod huanzwa juu, si chini

Ndugu Mhariri,

Makala za safari zinapoutaja mji wa Nizhny Novgorod, Urusi, hupanga vivutio kama bidhaa dukani, bila kumwambia msomaji mji wenyewe umekaaje. Mgeni anaanzia ukingoni mwa mto Volga kwa kuwa ndiko kwenye picha nzuri, kisha anaikabili Ngazi ya Chkalov, ngazi ndefu inayounganisha ukingo huo na kilima, kwa kupanda. Akifika juu, miguu haina hamu tena na makumbusho.

Mji huu ulioanzishwa mwaka 1221 uko pale mto Oka unapoingia Volga. Upande mmoja wa Oka ni tambarare, na ndiko iliko stesheni ya treni. Upande wa pili ni mwinuko mkali, na ngome, yaani Kremlin, imeushikilia ukingo wake. Basi anayeshuka kwenye treni kutoka Moscow aingie metro, yaani treni ya chini ya ardhi, kituo cha Moskovskaya na ashuke kinachofuata, Gorkovskaya. Ngazi za umeme zitamfikisha juu ya kilima. Hapo ashike mtaa wa Bolshaya Pokrovskaya, usiopita magari, hadi Kremlin.

Wengi huzunguka ua wa ngome, hupiga picha na kutoka. Raha iko juu ya ukuta: matofali mekundu ya karne ya 16, minara 13, na njia ya takriban kilomita mbili inayoteremka na kupanda kufuata kilima. Viatu vya soli laini havifai. Ndani ya ngome, katika Kanisa Kuu la Malaika Mkuu Mikaeli, ndimo lilimo kaburi la Kuzma Minin, mfanyabiashara aliyechangisha fedha za jeshi lililowatoa Wapolandi Moscow mwaka 1612.

Sasa ndipo ashuke Ngazi ya Chkalov, iliyofunguliwa mwaka 1949. Imejengwa kwa umbo la tarakimu 8. Vipandio 560 vinavyotajwa kila mahali ni jumla ya pande zote mbili. Anayefuata upande mmoja hukanyaga 442. Majira ya baridi barafu huganda juu yake, kwa hiyo ni heri kutafuta basi.

Magari ya nyaya yanayovuka Volga kwenda Bor, mji wa ng'ambo, yalianza mwaka 2012. Kipande cha mita 861 juu ya maji hakina nguzo hata moja, ndiyo maana upepo ukichachamaa husimamishwa. Tena ni usafiri wa wakazi wa Bor wanaokwenda kazini; anayepanga kupanda jioni ajiandae kwa foleni.

Jambo la mwisho ni fedha. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Rubo taslimu ziwe mfukoni kabla ya kupanda treni, na nyingine ndogondogo za tiketi ya metro.

Msomaji wenu