Kaka Hamadi, sikukaa kitako

Columbus, Ohio
Jumapili, 18 Mei 2014

Kwa kaka yangu mpenzi Hamadi, Wete, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, mimi na watoto hatujambo, alhamdulillah, hofu yetu ni juu yenu nyinyi mlio mbali nasi. Nisalimie mama, umbusu mkono, umwambie dawa yake ya miguu nimempa mtoto wa Bi Time, anakuja huko kabla ya Ramadhani. Nisalimie Ami Khamis na watu wote wa Mtambwe.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana. Kwa simu nisingeweza. Kwa simu wewe husema, mimi hulia, salio humalizika na kila mtu hubaki na lake moyoni. Mama msomee mwanzo na mwisho. Hapa katikati soma peke yako.

Ile Ijumaa ulinambia, na maneno yako nimeyashika kama yalivyotoka: "Wewe Obama anakulipa umekaa kitako, dola 600 za harusi ya Asha zinakushindaje?" Nyuma yako nikasikia mtu anacheka, nadhani Salim. Nilikuwa ngazini na mfuko wa mchele mkononi, nikakaa pale pale mpaka taa ya ngazi ikazimika.

Kaka, hiyo pesa ya kukosa kazi hapewi mtu kwa kukaa. Miaka tisa nimefanya kazi ghalani, zamu ya usiku, napanga na kupakia mizigo. Kwa kila mfanyakazi, mwajiri hutozwa kodi maalumu, nayo huwekwa kwa ajili ya siku atakayompunguza mtu. Sheria yake ni ya 1935, zama za Rais Roosevelt, watu wa huku walipokuwa wakipanga foleni ya supu kama si wenye nchi. Ukiacha kazi kwa kupenda kwako hupati. Ukifukuzwa kwa wizi hupati. Mimi sikuacha wala sikuiba. Ghala lilifungwa Machi mwaka jana na tukatolewa sote, mpaka msimamizi.

Nikawa napata dola 312 kwa wiki, nusu ya mshahara niliokuwa nao. Kila Jumapili kama leo nilifungua kompyuta ya Rukia nikaandika nimeomba kazi wapi na wapi, waajiri wawili kila wiki, bila ya hivyo hulipwi. Ninalo daftari la jalada la kijani nilikoandika zote. Juzi nimezihesabu: kazi 117. Kurasa za mwisho wino umefifia, maana nilikuwa naandika na glavu mkononi, ndani ya gari, kwenye maegesho ya maduka. Nataka ulione daftari hili kwa macho yako, inshallah siku nikija nitakuwekea mbele yako.

Pesa hiyo ya jimbo ni ya wiki 26, na zangu zilikwisha mwisho wa Septemba. Baada ya hapo ndipo siasa inapoingia. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, Rais Bush, tena wa Republican, chama kinachompinga Obama, alitia saini sheria ya dharura: aliyemaliza wiki zake aongezewe nyengine kutoka Washington. Kazi zilipozidi kuwa adimu, jumla pamoja na zile za jimbo ikafika hadi wiki 99 kwa majimbo yaliyoumia zaidi. Kila muda wake ulipokaribia kwisha, wakubwa waligombana upya. Mwaka 2010 waliiacha ikafa karibu miezi miwili ndipo wakaifufua. Desemba ya mwaka ule ule Obama aliipata kwa kukubali matajiri nao waendelee na nafuu ya kodi waliyowekewa na Bush, miaka miwili zaidi. Wasio na kazi wamegeuzwa kitu cha kubadilishana, kama pakacha la muhogo gulioni.

Desemba iliyopita vyama viwili vilikubaliana bajeti, wakaliacha jambo letu nje, wakaenda zao kwenye Krismasi. Jumamosi ya tarehe 28 Desemba watu milioni 1.3 tulikatiwa siku moja. Mimi mmoja wao. Ulipokuwa ukinambia Obama ananilipa, nilikuwa mwezi wa tano sijalipwa kitu. Sikukwambia kwa sababu ungemwambia mama.

Tarehe 7 Januari baridi ya huku ilipita nyuzi 20 chini ya sifuri, skuli zikafungwa, na mimi nimejifunga blanketi naangalia Seneti. Walipiga kura 60 kwa 37 mswada wa kuturudishia malipo ujadiliwe. Nikapiga kelele Rukia akatoka chumbani mbio akidhani nimepatwa na jambo. Kumbe ilikuwa ni kukubali kuzungumza tu! Wakavutana mpaka tarehe 7 Aprili ndipo wakaupitisha, 59 kwa 38. Walioubeba ni wawili wa vyama viwili, Jack Reed wa Rhode Island na Dean Heller wa Nevada, na majimbo yao yalikuwa miongoni mwa yenye kiwango kikubwa zaidi cha watu wasio na kazi. Maseneta wetu wa Ohio, Brown wa Democrat na Portman wa Republican, wote wawili walisema ndio. Siku ile nilikumbuka 2010 kwetu, CCM na CUF walipokaa meza moja na watu wakapumua.

Basi ukaenda Baraza la Wawakilishi. Sio letu la Zanzibar pale Chukwani, la Washington. Na huko Spika ni John Boehner, mtu wa Ohio hii hii, jimbo lake la uchaguzi halifiki mwendo wa saa mbili kutoka hapa nilipo. Anasema hauweki mezani mpaka uonyeshe pesa zitapatikana vipi na uwe na jambo la kuongeza ajira. Hajauweka. Mswada wenyewe ni wa miezi mitano, kuanzia siku ile waliyotukata mpaka mwisho wa mwezi huu wa Mei. Leo ni tarehe 18. Ukifika mwezi wa sita umekufa kifo chake, bila hata mtu mmoja wa Baraza kulazimika kusema hadharani "mimi nakataa". Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukatwa kwenyewe.

Na sasa nikwambie kwa nini maneno yako yaliniangusha. Yuko seneta wa Kentucky, ng'ambo ya mto tu kutoka Ohio, Rand Paul. Desemba alisema kwenye televisheni kwamba kumlipa mtu zaidi ya wiki 26 ni kumdhuru, atabweteka, atakaa nje muda mrefu na waajiri hawatamtaka tena. Kaka, lako na lake moja. Yeye hanijui. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mto wa Mtambwe ulipofurika.

Sikatai kwamba waajiri hawamtaki aliyekaa sana. Nimeliona. Machi nilikwenda kwenye usaili, bwana mmoja akaweka kidole kwenye karatasi yangu palipoandikwa "Machi 2013" akauliza, "Na baada ya hapo?" Nikajieleza. Kidole hakukiondoa mpaka nimemaliza. Lakini pesa ilipokatwa, kidole kile hakikuondoka, na kazi haikuja kwa sababu nina njaa zaidi. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao wenyewe ilikadiria kwamba kuendeleza malipo mwaka huu mzima kungeleta ajira 200,000, kwa sababu mtu asiye na kazi hana pa kuficha pesa, anaipeleka dukani siku hiyo hiyo. Wewe hili unalijua kuliko wao. Shirika la ZSTC, lile la serikali linalonunua karafuu, likilipa, Wete nzima inakohoa pesa: muuza samaki, fundi cherehani, mwenye gari ya abiria. Karafuu zikikosa bei hata kinyozi analala njaa.

Na kukaa kitako sikukaa. Februari palikuwa na mkutano wa wasio na kazi, ukumbi wa kanisa, watu kama 200. Niliomba kipaza sauti. Mimi, Zuwena, niliyekuwa nikichapwa skuli kwa sababu ya Kiingereza! Nikasimama na buibui langu, nikawaonyesha daftari la kijani, nikawasomea ukurasa mmoja tu, tarehe na majina ya waajiri, sikuongeza neno. Ukumbi ulinyamaza. Msaidizi wa seneta alikuwa mstari wa mbele anaandika. Mzee mmoja Mmarekani, fundi bomba, alikuja kunishika mkono akawa hauachi. Mwaka 2012 nilipiga kura yangu ya kwanza hapa, katika jimbo ambalo Marekani nzima ilikuwa ikilisubiri, na Novemba hii nitapiga tena, na viti vyote vya Baraza, na cha Spika pia, vitapigiwa kura, kila kimoja katika jimbo lake.

Usinambie siasa za huku ndefu. Nasi tumesikia huko Dodoma wajumbe wa Bunge la Katiba walivyoanza na posho, laki tatu kwa siku haziwatoshi, kabla hata katiba yenyewe haijafunguliwa, na mwezi uliopita UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wametoka ukumbini. Mwenye kula yake ya kila siku anajadili ya asiyenayo, huku na huko.

Kula tunakula. Nimepata kazi ya usafi maofisini, saa ishirini kwa wiki. Ile bangili mama aliyonivisha uwanja wa ndege akiiulizia, mwambie naivaa.

Rukia amekuwa wa kwanza darasa zima kwa hesabu. Hilo mtangazie mama kwa sauti, na Ami Khamis, na Salim pia.

Sasa la mikarafuu. Nasikia unataka kumkodisha yule tajiri wa Chake mikarafuu ya Mtambwe kwa misimu mitatu ili upate pesa ya harusi taslimu. Kaka, serikali inanunua kilo moja 14,000. Yeye atakupa kidogo mkononi leo, achume miaka mitatu, akuachie matawi yaliyovunjika. Mama akiumwa mwaka wa pili utashika nini? Baba aliacha mikarafuu ile iwe kimbilio letu siku hakuna kazi. Mimi fungu langu ni nusu ya lako, najua, lakini lipo, na saini sitii. Asha nampenda kama mwanangu. Fanyeni walima moja, mpunguze gari na mapambo, msikodishe miti.

Natuma dola 150. Shaabani ikiandama natia nyengine 200, hizo nimeshazipigia hesabu. Za kufika 600 sina, na sasa unajua kwa nini.

Masika ya huko naisikia kwenye simu, ule mvumo wa mvua juu ya mabati yetu. Juzi nimefungua kopo la karafuu kupikia pilau, nikainusa nikasahau nilichokuwa napika. Nikaiona ile mikeka uani, mama anachambua makonyo huku anatutuma tuangalie mawingu. Mwambie asinyanyue mikeka msimu huu. Aangalie tu.

Nijibu la mikarafuu kabla hujazungumza tena na mtu wa Chake. Namba ya kuchukulia pesa nitakuletea kwa ujumbe kesho. Nenda na kitambulisho. Jina nimeandika Hamad bila ya "i", kama kilivyo chako, ili wasikurudishe tena kama mara ile.

Wasalaam, nduguyo,
Zuwena