Alama ya kidole cha mama, siri ya ukoo mzima

Mhariri,

Juzi nilikuwa nikipanga makaratasi ya mama, kadi za kliniki na risiti za dawa za presha, nikakuta fomu ya kurasa nne imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Chini ya ukurasa wa mwisho ipo alama ya kidole gumba chake, wino wa zambarau, imepita kidogo nje ya kisanduku. Fomu yote ni ya Kiingereza. Nilipomuuliza alinijibu, "Walinitoa damu mwanangu, wakanipa nauli na sabuni. Yule kijana akasema ni ya utafiti, nikaona ni jambo la kheri."

Nikakaa kitako nikaisoma. Ukurasa wa tatu unasema sampuli yaweza kuhifadhiwa bila kikomo, kupelekwa maabara za ng'ambo na kutumika katika utafiti wowote wa chembechembe za urithi utakaofanywa baadaye. Mama hakuwa na habari ya hata neno moja katika hayo. Hakudanganywa. Hakuambiwa tu.

Sipingi utafiti. Nina mpwa mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na najua kwamba kila dawa inayomtuliza usiku ilianzia kwa watu waliokubali kutoa damu yao. Ninachosema ni kwamba DNA, yaani hizo chembechembe za urithi, si mali ya mtu mmoja kama ilivyo saa au shamba. Mama alipobonyeza kidole kile, alitoa pia nusu yangu, nusu ya kila ndugu yangu, na sehemu ya wajukuu zake ambao wengine hawajazaliwa. Siri ya ukoo ilitoka nyumbani kwetu ndani ya kijichupa, na sisi tukiwa kazini.

Wanaodhani nakuza mambo waangalie yaliyoikuta kampuni ya 23andMe ya Marekani, ambayo watu huipelekea mate yao ili wajue asili yao. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000. Taarifa walizoondoka nazo zilikuwa za watu milioni 6.9, kwa sababu kila akaunti ilikuwa imeunganishwa na jamaa wa damu. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na hazina ya DNA ya watu wapatao milioni 15 ikawekwa mezani pamoja na mali nyingine za kuuzwa. Mteja aliyekuwa na wasiwasi aliweza kuomba taarifa zake zifutwe. Binamu yake ambaye hakuwahi kutuma mate yoyote angeomba nini?

Ukoo wa Henrietta Lacks unalijua hilo kuliko wote. Mama huyo mweusi alitibiwa saratani katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951, na seli zake zikachukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zile, HeLa, zinaendelea kukua katika maabara duniani kote hadi leo. Mwaka 2013, miaka 62 baadaye, wanasayansi wa Ujerumani waliuchapisha mpangilio wa DNA ya seli hizo hadharani. Aliyefunuliwa pale hakuwa marehemu peke yake, walikuwa wajukuu zake walio hai. Familia ilipolalamika, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilikubali kwamba wawakilishi wa familia wawemo katika kamati inayoamua nani aruhusiwe kuusoma mpangilio huo. Kwa nini lilihitaji kelele jambo ambalo lilipaswa kuwa desturi?

Kuna pia John Moore, mgonjwa wa saratani ya damu aliyetolewa bandama mjini Los Angeles mwaka 1976. Kwa miaka kadhaa aliitwa arudi kutoa damu na sampuli nyingine, akidhani ni matibabu, kumbe daktari wake alikuwa akijitafutia hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kutokana na seli zake. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba daktari alipaswa kumwambia ukweli, lakini Moore hakuwa na haki ya umiliki juu ya seli zilizokwisha kutoka mwilini. Yaani wote waweza kuzimiliki, ila yule zilimotoka.

Hapa Kenya tulipata mwanzo mwema. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliiweka DNA katika orodha ya vitu ambavyo serikali ingeweza kukusanya wakati wa Huduma Namba, ule usajili wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho. Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, na wenzao wakaenda kortini, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema kukusanya DNA kwa namna ile kunavunja haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazihesabu taarifa za jenetiki kuwa nyeti. Nashukuru kwa yote mawili. Ila sheria hiyo, kama jina lake linavyosema, ni ya data. Damu yenyewe iliyo ndani ya friji huko iliko ndiyo inayonikosesha usingizi, maana taarifa ukizifuta leo, mwenye kijichupa aweza kuzisoma upya kesho.

Kwa hivyo naomba wabunge wetu na Kamishna wa Ulinzi wa Data waliangalie hili. Fomu ya idhini iandikwe kwa lugha anayoielewa anayetolewa damu, na asomewe mbele ya jamaa yake mmoja. Matumizi mapya yahitaji ruhusa mpya. Sampuli isivuke mpaka wala isibadilishe mikono bila mtoaji au warithi wake kujulishwa. Na pawe na nambari ya simu, inayopokelewa na mtu, ya kuomba sampuli iharibiwe.

Kwenye fomu ya mama nambari ipo. Nimeipiga mara tatu wiki hii, na kila mara naambiwa haipatikani.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa