Si kila dawa ya saratani hunyonyoa nywele

Mhariri,

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Isevya, Tabora, alinionyesha pakiti ya vidonge vya saratani ya damu. Haijafunguliwa. "Mzee, nikimeza hivi nitabaki kipara." Nikavua kofia. Mvi zangu zote zipo, na imatinibu, dawa hiyo hiyo ya pakiti yake, naimeza mwaka wa sita huu: miligramu 400 kila siku, baada ya ugali, na bilauri kubwa ya maji.

Mimi ni mstaafu wa reli, nimekesha pale njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana, basi nilimweleza kireli. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Ndivyo seli inavyopewa ruksa ya kugawanyika. Katika lukemia yetu, yaani saratani ya damu, ile sugu ya mieloidi, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali, ikazaliwa kinasi isiyozimika. Signali imekwama kwenye ruksa, treni zinaingia tu: chembe nyeupe juu ya chembe nyeupe. Kidonge hiki, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba kishimo ambamo kinasi hiyo huchotea fosfeti. Signali ikafunga.

Ya kunyonyoa nywele ni nyingine, mathalani vinkristini, itokanayo na ua lenye asili ya Madagaska. Hiyo haigusi signali, inang'oa reli zenyewe: huvuruga mikrotubuli, mirija myembamba kupindukia ambayo seli huitumia kuvutia kromosomu inapogawanyika. Mashina ya nywele hayapumziki kugawanyika, ndiyo maana huumia. Neva nazo husafirisha mizigo yao juu ya mirija hiyo hiyo hadi vidoleni. Mpwa wangu alipotibiwa nayo alishindwa kufunga vifungo vya shati. Lakini amepona, siitukani.

Kidonge changu nacho kina vituko vyake. Nikiamka macho yamevimba kama niliyelia usiku kucha, na miguu hukaza misuli. Nywele, hapana.

Aliyempa jirani ile pakiti alimwambia tu, "Dawa ya saratani, kimoja kwa siku," akaita mwingine. Dakika tano zingetosha. Nanyi gazetini, mkiandika "dawa za saratani", tutajieni ni ipi.

Jirani ameanza juzi. Nampitia kila jioni nikitoka swala ya magharibi, anameza nikimtazama.

Mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora