Umeme ukikatika wakati wa theluji, samaki wanataka hewa kabla ya joto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tupinge ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila majira ya baridi yanapokaribia Marekani, Kanada na Ulaya. Unawahusu wasomaji wako walioko huko wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni, wakiwemo waliotoka Kigoma, Uvira na Bujumbura ambao waliwakuta madukani samaki wa Ziwa Tanganyika wakashindwa kuwapita. Ushauri wenyewe ni huu: umeme ukikatika usiku wa theluji, chemsha maji upashe tangi. Sisi tunasema joto ni la mwisho. La kwanza ni hewa, na la pili ni chujio, ambalo karibu hakuna anayelikumbuka.

Hatari yenyewe ipo. Februari 2021 mitambo ya umeme ya Texas ilielemewa na baridi, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa, huku Dallas ikishuka hadi karibu digrii 19 chini ya sifuri. Januari 1998 barafu iliangusha nyaya na minara ya umeme huko Quebec, na zipo kaya zilizokaa gizani kwa wiki kadhaa. Mwenye mtambo wa gesi wa kupasha nyumba asijidanganye kwamba yuko salama: mitambo mingi ya aina hiyo ina feni na kiwashio cha umeme, kwa hiyo umeme ukiondoka nao unazima.

Tuanze na hesabu ya joto, maana ndiyo inayowatia watu hofu. Chukua tangi la lita 200 lenye maji ya digrii 25 za Selsiasi (77 kwa kipimo cha Farenihaiti kinachotumika Marekani), na chumba kimeshuka hadi digrii 15. Likiachwa wazi, tangi hilo hupoteza takriban digrii 1 kila saa mbili mwanzoni, na kasi inapungua kadiri maji yanavyokaribia joto la chumba. Likifungwa vizuri kwa mablanketi, kasi hiyo hushuka chini ya nusu. Maana yake una usiku mzima kabla ya kufika pabaya. Tangi la lita 40 halina uvumilivu huo, na mwenye nalo aanze kulifunga mapema zaidi.

Hewa haikupi muda kama huo. Pampu ikisimama, uso wa maji unatulia, na oksijeni haiingii tena kwa kasi inayolingana na inavyotumika. Wanaoitumia si samaki peke yao. Bakteria wa kwenye chujio na kwenye changarawe nao wanavuta, na usiku mimea ya majini pia inavuta badala ya kutoa. Tangi lililojazwa samaki, kama wanavyofanya wengi wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa ili kupunguza ugomvi, linaweza kufikia hatari ndani ya saa chache. Dalili ni samaki kupanda juu, midomo kwenye uso wa maji, matamvua yakipiga haraka.

Hapo ndipo baridi inapogeuka kuwa msaada. Maji ya digrii 25 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8.3 kwa lita. Yakishuka hadi 20 hubeba 9.1. Samaki naye akipoa kidogo mwili wake unapunguza matumizi. Anayekimbilia kumimina maji ya moto katika saa ya kwanza anapunguza oksijeni na papo hapo anaongeza mahitaji yake.

Dawa ya kwanza ni rahisi na bei yake ni ndogo: pampu ya hewa ya betri, ile inayotumiwa na wavuvi wa ndoano kutunza chambo hai. Nyingi hutumia betri mbili kubwa za ukubwa wa D. Nyingine huchomekwa kwenye pawabanki kwa waya wa USB, na hizi ndizo tunazozipenda, kwa sababu pawabanki inaweza kuchajiwa tena kwenye gari. Pawabanki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74. Ukiondoa zinazopotea njiani zinabaki kama 60, na pampu ya wati 2 itakwenda zaidi ya siku nzima. Ijaribuni kabla ya dharura, kwani baadhi ya pawabanki hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, na hilo hutaki kuligundua saa nane za usiku. Kwenye mpira wa hewa fungeni vali ya njia moja. Pampu iliyokaa chini ya usawa wa maji ikizima bila vali hiyo, maji hurudi kwenye mpira, yanaingia ndani ya pampu, kisha yanamwagika sakafuni.

Asiye na pampu atumie jagi. Chota lita moja, imimine kutoka kimo cha sentimeta 30 hivi, rudia kwa dakika tano, pumzika nusu saa, endelea. Kazi hii inachosha lakini inafaa. Na acheni kulisha mara moja. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki bila chakula, ilhali chakula kinachooza ndani ya tangi kinakula oksijeni na kutoa amonia. Vifaranga pekee ndio wa kupewa kidogo sana.

Sasa chujio, ambalo ndilo linaloua samaki baada ya umeme kurudi, wakati kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Ndani ya chujio wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha kuwa naitreti. Wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao muda wote. Chujio la mkebe, lile linalokaa kabatini chini ya tangi, limefungwa kabisa. Maji yakisimama, oksijeni iliyomo huisha baada ya muda mfupi, bakteria wanaanza kufa, na uchafu uliojikusanya unaoza. Mkebe uliokaa hivyo siku nzima huwa na maji ya kijivu, na pengine harufu ya yai viza, ambayo ni gesi ya salfaidi ya haidrojeni. Umeme ukirudi wenyewe usiku, pampu inausukuma uchafu huo wote kwa samaki waliokwishadhoofika.

Kwa hiyo, umeme ukipita saa mbili haujarudi, chomoeni chujio kwenye soketi, fungeni koki zake, fungueni mkebe. Toeni sponji na vipande vya kauri, viwekeni kwenye mfuko wa wavu, mning'inize ndani ya tangi juu ya mapovu ya pampu ya betri. Bakteria watapata hewa ile ile wanayopata samaki. Kama hakuna pampu, vilazeni kwenye beseni pana, maji ya tangi yakivifikia nusu tu, mfunike kwa kitambaa kibichi: hewa ya chumba itawatosha, mradi visikauke. Msivioshe kwa maji ya bomba, kwani klorini itamaliza kazi ambayo giza halikumaliza. Mwenye filta ya sponji, yaani chujio linaloendeshwa na mapovu ya pampu ya hewa, hana haja ya kufanya lolote zaidi ya kuihamishia kwenye pampu ya betri. Ndiyo sababu tunamshauri kila aliye katika nchi ya theluji awe na filta moja ya sponji tangini mwaka mzima, hata kama ana mkebe wa bei mbaya.

Baada ya hapo ndipo joto. Fungeni pande zote nne kwa mablanketi au kwa bodi nyepesi za povu zinazouzwa kwa ajili ya kuta, unene wa sentimeta 5 ukipatikana. Juu wekeni kifuniko, kwa kuwa joto jingi hupotea maji yanapogeuka mvuke, lakini acheni upenyo wa vidole viwili hewa ipite. Kwa beta na gurami, wanaovuta hewa ya juu ya maji, kifuniko kina kazi ya ziada: hewa baridi kali ya chumba huwadhuru.

Chupa za maji ya moto zinasaidia, ila fanyeni hesabu kabla ya kuzitegemea. Chupa ya lita 2 yenye maji ya digrii 60, ikipoa ndani ya tangi la lita 200 lenye digrii 22, hulipandisha kwa digrii 0.4 hivi. Chupa tano ni digrii 2 pungufu kidogo. Zinatosha kupunguza mteremko, hazitoshi kulirudisha tangi lilikokuwa. Msijaze chupa ya soda maji yanayochemka, maana plastiki yake hujikunja. Digrii 60 ndiyo kikomo chetu. Chupa iwe safi, haijawahi kubeba sabuni, na kabla ya kuizamisha chota maji ya ujazo ule ule, la sivyo tangi litafurika. Kumimina maji ya moto moja kwa moja tangini ni kosa hata ukiwa na maji mengi: samaki aliye jirani anaungua kabla kipimajoto hakijasogea.

Betri ya gari na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na zile za kawaida za risasi hazifai kutumiwa zaidi ya nusu. Wati-saa 600 zikilishwa hita ya wati 200 huisha chini ya saa tatu. Zikipewa pampu ya hewa ya wati 4 zinakwenda siku kadhaa. Umeme wa akiba usitumike kwa hita.

Kuna jambo haliruhusu mjadala. Jiko la mkaa, jiko la kuchomea nyama na jiko la gesi la kambini visiwashwe ndani ya nyumba, si kwa ajili ya samaki wala ya watu. Kaboni monoksidi haina harufu, na nyumba za kule hazina matundu ya hewa kama jikoni kwetu. Texas mwaka 2021 watu walikufa kwa gesi hiyo wakitafuta joto. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote.

Umeme ukirudi, msikimbilie soketi. Hita iliyokuwa nje ya maji ikiwaka kisha ikaguswa na maji baridi, kioo chake hupasuka. Ndiyo maana inapaswa kuchomolewa mara tu umeme unapokatika. Jazeni maji kwanza, kisha pangeni hita digrii 1 juu ya joto la sasa la tangi, mkipandisha digrii 1 kila saa. Mkebe usafisheni kwa maji ya tangi, rudisheni sponji na kauri, muwashe.

Kisha pimeni amonia na naitraiti kila siku kwa wiki moja, walau. Wenye samaki wa Tanganyika wawe waangalifu kuliko wengine. Kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi) 7 na digrii 25, amonia yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.5 ni kama asilimia 15, na pH 9, ambayo ziwa lenyewe linaikaribia, ni zaidi ya theluthi. Kipimo kile kile kisichomtikisa guppy kinaweza kuwaua samaki wenu. Kikipanda, badilisheni robo ya maji. Baada ya dhoruba, mamlaka za maji huweza kuongeza dawa ya kuua vijidudu, basi tumieni dawa ya kuondoa klorini inayoweza pia kuondoa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia. Madoa meupe kama chumvi kwenye mapezi, siku chache baadaye, ni ugonjwa unaowafuata samaki waliopigwa na baridi, na tiba yake ianze siku hiyo hiyo.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa, ambako umeme hukatika kwenye joto, wachukue sehemu za hewa na chujio, waache mablanketi: maji yao tayari yana oksijeni kidogo, na muda wao ni mfupi zaidi. Wa Njombe na Makete, mwezi Julai, wanaweza kuisoma barua yote.

Ni sisi,
Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Texas, Marekani