Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa kikundi chetu cha akina mama wanaovujwa na mkojo, Ujiji

Akina mama wenzangu, assalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, misiba miwili, viti vya plastiki, na wenzetu wawili wenye fistula, lile tundu la uzazi mgumu linalovujisha mkojo, tuliowasafirisha hadi hospitali ya CCBRT Dar es Salaam. Wamerudi wakavu, alhamdulillahi. Tulianza na shilingi 742,000, ada zikaingia 611,000, zikatoka 685,000, zimebaki 668,000. Daftari liko kwa mhazini.

Sasa lile mnalolisema mwaloni mkinyamaza nikipita. Mwezi wa tano alikuja wakala na pakiti za unga, eti dawa ya seli shina, yaani seli changa za kujenga upya mwili, ya kuzuia mkojo usivuje, 95,000 kwa pakiti. Kwenye simu alikuwa na picha za panya waliopona. Wengi mlitaka tutoe mfuko mzima. Nilikataa kusaini. Badala yake nikamleta daktari wa mifugo, posho 85,000, mkasema nimewafananisha na mbuzi. Jamani, wakala ndiye aliyeanza na wanyama! Mimi niliyefanya ukunga miaka 31 nilitaka mtu anayewajua wanyama.

Siku ile mlikuja 14 kati ya 64, kwa hiyo narudia aliyoyaeleza kuhusu majaribio ya wale panya. Uke wa panya hupanuliwa kwa kipira kuiga uzazi mgumu. Kisha seli za msuli au za mafuta, zilizokuzwa maabara, hudungwa kwenye msuli unaobana mrija wa mkojo, halafu kibofu hubonyezwa kuona kitavuja kwa nguvu kiasi gani. Zinasaidia, sikatai. Ila panya hupata nafuu mwenyewe baada ya muda, tena anatembea kwa miguu minne, hajabeba beseni la dagaa kichwani kutoka Kibirizi. Kwa tumbili waliojaribiwa Marekani, wenye jeraha jipya walinufaika kuliko wazee wenye jeraha la siku nyingi. La kwetu ni la lini? Na utafiti wa seli hizo wa Innsbruck, Austria, kwa binadamu, uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2007, jarida lenyewe liliufuta mwaka 2008.

Seli hai hudungwa kwa sindano. Haikai kwenye pakiti, mkobani, pamoja na vitumbua.

Mwenzetu mmoja alinunua kwa fedha zake. Nilimkuta anakoroga unga ule kwenye uji, moshi wa kuni ukamkaba, akakohoa, akabana magoti. Kanga ililowa palepale. Sikumsema.

Kuhusu ada, 2,000 kwa mwezi inawashinda, 95,000 haiwashindi. Waliomaliza ni 19 tu, na majina sitayasoma leo kwa heshima. Mazoezi ya kubana nyonga niliyowafundisha ni bure, daktari Kegel aliyaandika tangu 1948. Mnaoyafanya mnaninong'oneza njiani kwamba mna nafuu, kwenye kikao mnatazama chini.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta wafadhili, pengine mradi wa sabuni ya mawese, na tutaomba daktari wa akina mama kutoka hospitali ya Maweni aje. Yule wa watu, msiseme tena mbuzi.

Uchaguzi mnaoudai upo. Katiba inasema mpiga kura awe amelipa ada. Mhazini amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti